Uvimbe mmoja wasinyaa, mwingine wakua: Je, dawa ya saratani imeshindwa?

UMEKETI kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, bahasha kubwa ya kahawia mapajani. Ndani mna picha za CT ulizopigwa jana, za pili tangu uanze matibabu ya saratani miezi mitatu iliyopita. Uliambiwa umpelekee daktari, lakini usiku hukuweza kuvumilia, ukafungua na kusoma.

Ripoti yasema uvimbe ulio kwenye ini umepungua karibu nusu. Tezi ya kwapani imesinyaa. Hadi hapo ulishusha pumzi. Kisha ukafika mstari wa mwisho: kivimbe kilicho kwenye pafu la kulia kimeongezeka ukubwa.

Sasa ndugu yako aliyekusindikiza anakunong'oneza kuwa basi dawa imeshindwa, pesa zimekwenda bure. Mwenzako wa benchi naye, ambaye ametembea na ugonjwa huu kwa miaka miwili, akuambia usijali, picha si kitu. Ni nani kati yao aliye na haki?

Msomaji, kwa kweli hakuna hata mmoja. Hali hii, ambapo sehemu moja ya saratani yaitikia dawa na nyingine yakaidi, si jambo la ajabu kwa madaktari. Hutokea hasa kwa wale ambao ugonjwa wao umeenea viungo kadhaa. Yaweza kuwa na maana nzito, nyepesi, au isiwe na maana yoyote. Makala haya yakueleza jinsi ya kutofautisha, ili usije ukafanya uamuzi mkubwa kwa sababu ya mstari mmoja wa ripoti.

Na uamuzi huo ni mkubwa kweli. Wapo wanaoacha matibabu siku hiyo hiyo na kurudi mashambani. Wapo wanaouza ploti au kuitisha harambee ya dharura ili waende India. Wapo pia wanaoshika habari njema tu, ya ini, na kuipuuza ile ya pafu hadi muda wa kuishughulikia unapopita. Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 mwaka wa 2022, na vifo zaidi ya 29,000. Kwa hivyo ni familia nyingi zitakazowahi kuketi kwenye benchi hiyo.

Jinsi uvimbe unavyopimwa

Kwanza, fahamu kwamba daktari hahukumu kwa kutazama uvimbe mmoja tu. Tangu mwaka wa 2000 wataalamu ulimwenguni wamekuwa wakifuata kanuni zinazojulikana kama RECIST, ambazo zilirekebishwa mwaka wa 2009. Kanuni hizo zasema hivi: kabla ya matibabu, chagua vivimbe visivyozidi vitano, na visizidi viwili katika kiungo kimoja. Pima upana wa kila kimoja kwa milimita, kisha ujumlishe.

Baada ya matibabu, vivimbe vile vile hupimwa tena. Jumla ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi, mgonjwa huhesabiwa kuwa ameitikia dawa kwa kiasi. Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa, na nyongeza hiyo iwe angalau milimita 5, ugonjwa huhesabiwa kuwa unaendelea. Katikati ya hapo, husemwa kuwa umetulia.

Tuchukue mfano. Uvimbe wa ini ulikuwa milimita 40, tezi milimita 20, na kivimbe cha pafu milimita 15. Jumla ni 75. Miezi mitatu baadaye ini ni 22, tezi ni 9, na pafu ni 19. Jumla ni 50. Hiyo ni kusema ugonjwa umepungua kwa thuluthi moja. Kwa hesabu hii dawa inafanya kazi, ijapokuwa pafu limekwenda kinyume na wenzake.

Lakini kuna jambo moja ambalo hubatilisha hesabu hiyo yote. Iwapo picha itaonyesha uvimbe mpya kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na ikathibitika kuwa ni saratani, basi ugonjwa huhesabiwa kuwa unaendelea hata kama vingine vyote vimesinyaa. Ndiyo maana daktari huuliza mapema: Je, hiki kilikuwapo, au ni kigeni?

Kumbuka pia kwamba kanuni hizi zilitungwa ili watafiti waweze kulinganisha dawa moja na nyingine. Humsaidia daktari wako, lakini hazimfungi mikono. Yeye hukutazama wewe mzima: uzani wako, maumivu, hamu ya chakula na damu yako.

Watoto wa tumbo moja

Kwa nini basi dawa moja, iliyopita katika damu moja, iue huku na ishindwe kule?

Jibu la kwanza ni kuwa saratani si kitu kimoja. Mwaka wa 1976 mwanasayansi Mmarekani, Peter Nowell, alieleza kuwa uvimbe huanza na chembe moja iliyoharibika, lakini kadiri chembe hiyo inavyozaana, watoto na wajukuu wake hupata kasoro mpya za kwao. Ni kama ndugu wa tumbo moja: jina la ukoo ni moja, tabia mbalimbali. Mmoja husikia akiambiwa, mwingine hasikii.

Mwaka wa 2012 watafiti wa London walithibitisha jambo hili kwa namna iliyowashtua wengi. Walichukua vipande kutoka sehemu kadhaa za uvimbe wa figo wa mgonjwa mmoja, pamoja na sehemu ulikokuwa umeenea. Zaidi ya asilimia 60 ya kasoro za jeni zilizopatikana hazikuwamo katika kila kipande. Yaani ukikata kipande kimoja tu na kukipima, hujaujua uvimbe wote.

Chukua mfano wa saratani ya matiti. Madaktari huchagua dawa kwa kuangalia kama chembe zina vipokezi vya homoni, au kiasi kikubwa cha protini iitwayo HER2. Lakini uvimbe ulioenea hadi kwenye ini au mifupa waweza kuwa na sifa tofauti na ule uliotolewa kwenye titi miaka mitatu awali. Dawa iliyochaguliwa kwa kutazama titi yaweza kuukosa.

Maficho mwilini

Jibu la pili ni kwamba dawa haifiki kila mahali kwa kiwango sawa. Uvimbe mkubwa huwa na mishipa ya damu iliyojipinda na kuharibika, na huenda katikati yake damu ikapita kidogo sana. Pasipofika damu, dawa nayo haifiki.

Ficho kuu kuliko yote ni ubongo. Maumbile yameuwekea ukuta unaozuia sumu nyingi zilizo katika damu zisipenye, na kwa bahati mbaya ukuta huo huzuia dawa nyingi pia.

Somo hili Afrika Mashariki ilishiriki kulifundisha ulimwengu. Mwaka wa 1958 daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alieleza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Uvimbe huo huyeyuka upesi ajabu kwa dawa. Hata hivyo, madaktari waliotibu watoto hao Uganda waliona kwamba kuna ambao taya lilirudi kuwa la kawaida, kisha ugonjwa ukazuka katika ubongo na maji ya uti wa mgongo. Ndipo dawa ikawa inadungwa moja kwa moja katika maji hayo ya mgongo. Dawa haikuwa mbovu, haikuwa imefika.

Jambo kama hilo laonekana leo kwa akina mama wenye saratani ya matiti ya aina ya HER2. Dawa ya trastuzumab yaweza kuutuliza ugonjwa mwilini, huku kichwani ukiendelea. Ndiyo maana mgonjwa anayepata nafuu lakini akaanza kuumwa na kichwa kila asubuhi, kutapika au kuona maruwiruwi, yampasa aseme mara moja, asingojee miadi ijayo.

Si kila kinachokua ni saratani

Jibu la tatu ndilo lisahauliwalo zaidi, na hapa kwetu lina uzito wa pekee. Picha huonyesha umbo na ukubwa. Haiandiki jina la ugonjwa.

Doa jipya kwenye pafu laweza kuwa nimonia, au uvimbe uliosababishwa na dawa yenyewe. Laweza kuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao ungali umeenea nchini, na ambao hupata nafasi pale kinga ya mwili inapodhoofishwa na dawa za saratani. Hata skani ya PET, ambayo hutumia sukari maalum inayong'aa mahali chembe zinapofanya kazi kwa bidii, haiwezi kila mara kutenganisha kifua kikuu na saratani, kwa kuwa vyote viwili hula sukari hiyo. Skani hii yapatikana Nairobi, katika Hospitali ya Aga Khan na Hospitali ya Rufaa, Mafunzo na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Mara nyingine kivimbe kisichosikia dawa si sehemu ya saratani hiyo kabisa, bali ni uvimbe usio na madhara uliokuwapo tangu zamani, au ni saratani nyingine ya pili inayohitaji dawa yake.

Mifupa nayo hudanganya. Kwa wagonjwa wa saratani ya matiti na ya tezi dume, mfupa unaoanza kupona hujijenga upya, na ujenzi huo hung'aa kwenye skani ya mifupa. Mtu aweza kudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni kidonda kinachofunga. Kwa sababu hiyo, madaktari wa saratani ya tezi dume hawaamini madoa mapya ya skani ya kwanza baada ya tiba hadi skani inayofuata iyathibitishe.

Kisha kuna dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili. Hizi haziui saratani zenyewe, bali huwaamsha askari wa mwili. Askari hao wakimiminika ndani ya uvimbe, huo hufura kabla ya kusinyaa. Kwa ajili hiyo wataalamu walitoa kanuni nyingine mwaka wa 2017: ukuaji unaoonekana mara ya kwanza uchukuliwe kuwa haujathibitishwa, na mgonjwa ambaye hali yake ni imara apigwe picha tena baada ya wiki nne hadi nane.

Lakini tahadhari, msomaji. Jambo hili la kufura kwanza huwapata wachache tu kati ya wanaotumia dawa hizo, na si kawaida kwa wanaotumia tibakemia, ile ambayo wengi huiita kimo. Usilitumie kujifariji iwapo kila picha inaonyesha ukuaji na mwili unaendelea kudhoofika.

Kosa la rula

Kuna sababu moja zaidi, nayo ni ya kawaida kabisa: kipimo chenyewe. Kivimbe cha milimita 11 kikisomwa kuwa 13 na mtaalamu mwingine, hakijakua. Picha ya kwanza ikipigwa kwa dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani na ya pili ikakosa dawa hiyo, ini laweza kuonekana tofauti kabisa. Mashine mbili zaweza kukata vipande vya picha kwa unene usio sawa.

Basi kadiri uwezavyo, rudi pale pale ulikopigwa picha ya kwanza. Usipoweza, nenda na picha za zamani, au ile CD, si ripoti ya maandishi pekee. Mtaalamu asiye na picha ya awali ni kama mtu anayeulizwa kama mtoto amerefuka ilhali hajawahi kumwona.

Maisha yatakuwaje?

Tumefika kwenye swali ambalo wengi huliogopa. Iwapo imethibitika kwamba saratani imesinyaa huku na kukua kule, mgonjwa atarajie nini?

Kwa jumla, hali hii huwa katikati. Ni afadhali kuliko ugonjwa unaokua kila mahali, na si njema kama ugonjwa unaosinyaa kila mahali. Yaonyesha kwamba kuna chembe ambazo zimejifunza kuikwepa dawa, na chembe hizo ndizo zitakazoendelea kuzaana zisipodhibitiwa. Daktari akikueleza hivyo, hakukatishi tamaa, anakuambia ukweli.

Lakini katikati ni mahali papana. Mambo haya ndiyo huamua uko upande gani:

• Ni vingapi vinavyokua? Kimoja au viwili si sawa na nusu ya vyote.

• Viko wapi? Kivimbe kidogo cha pafu chaweza kungojewa. Kilicho ubongoni au kinachobana uti wa mgongo hakingoji.

• Ni vilivyokuwapo au ni vipya? Vipya huwa na uzito zaidi.

• Vinakua kwa kasi gani? Milimita mbili kwa miezi mitatu si sawa na kuongezeka maradufu.

• Damu yasemaje? Kwa baadhi ya saratani kuna vipimo kama PSA kwa tezi dume na CA-125 kwa ovari ambavyo huongeza ushahidi.

• Wewe mwenyewe wajisikiaje? Mgonjwa anayekula, kutembea na kujihudumia huwa na nafasi bora kuliko aliyelala kutwa.

Ukitajiwa asilimia, kumbuka hesabu hiyo ni ya watu wengi waliowekwa pamoja. Hutoa mwelekeo, haimtaji mtu kwa jina wala kwa siku.

Njia zilizopo

Daktari ana njia kadhaa mbele yake. Ya kwanza ni kungoja kwa makusudi: kuendelea na dawa na kurudia picha baada ya wiki kadhaa, ikiwa ukuaji ni mdogo na hali yako ni njema.

Ya pili ni kukata kipande cha nyama kutoka kwenye uvimbe unaokua na kukipima. Wagonjwa wengi hukataa wakisema walishakatwa. Lakini hiki si kipimo cha kurudia lililojulikana. Ndicho kitakachosema kama ni kifua kikuu, saratani nyingine, au saratani ile ile iliyobadilika na kuhitaji dawa nyingine.

Ya tatu ni kuacha dawa iendelee kulinda sehemu zinazosikia, na kuushambulia ule mkaidi peke yake kwa miale mikali iliyolengwa au kwa upasuaji. Utafiti uliofanywa New York kwa wagonjwa 106 ambao saratani yao ilikuwa ikikua sehemu zisizozidi tano, uliochapishwa mwaka wa 2024 katika jarida la The Lancet, ulionyesha faida na pia mipaka ya njia hii. Kwa wenye saratani ya mapafu ya aina iliyochunguzwa, muda kabla ya ugonjwa kuendelea tena ulikuwa kama miezi 10 kwa waliopata miale, na kama miezi 2 kwa ambao hawakuipata. Kwa saratani ya matiti hapakuwa na tofauti. Kwa hivyo usidhani lililomfaa jirani litakufaa wewe.

Ya nne ni kubadilisha dawa. Hii ni hatua ya busara ukuaji unapothibitika, lakini si ya kukimbilia. Dawa zenye nguvu kwa kila saratani zina hesabu, na ukiacha mapema ile ambayo bado inalinda ini lako, umeitupa silaha yenye risasi.

Na katika kila njia, tiba ya kupunguza maumivu ni haki yako tangu mwanzo. Si ishara kwamba umeachwa.

Uliza maswali haya

Kabla hujaingia chumbani kwa daktari, andika maswali yako kwenye karatasi, na mwombe ndugu yako aandike majibu. Mwenye hofu husikia nusu.

1. Jumla ya vivimbe vyangu imepanda au imeshuka, na kwa asilimia ngapi?

2. Kile kilichokua, kilikuwapo kwenye picha ya kwanza?

3. Picha hizi mbili zalinganika? Zilipigwa kwa njia moja?

4. Yawezekana si saratani? Tutajuaje?

5. Tukingoja wiki sita, nitapoteza nini?

6. Tukibadilisha dawa, tunaacha ipi, na ni zipi zitakazobaki?

Swali la tano ndilo litakalokulinda dhidi ya haraka na pia dhidi ya uzembe. Na kabla ya kuuza chochote, omba maoni ya daktari mwingine wa saratani hapa nchini, ukiwa na picha zako zote mkononi. Ikiwa unatumia mitishamba, mweleze daktari bila haya, maana baadhi yake hugombana na dawa au huumiza ini, na ini lililoumia hupotosha vipimo.

Sasa mlango unafunguliwa na jina lako linaitwa. Ndugu yako alisema dawa imeshindwa. Mwenzako wa benchi alisema picha si kitu. Wewe ingia na bahasha yako, picha za kwanza zikiwa pamoja na za jana, na uanze na swali la kwanza.